Shina la chini likibadilishwa jeni, zabibu si zitabadilika pia?

SWALI: Habari zenu wapendwa. Nimesikia huko California watafiti wametengeneza mashina ya mzabibu yaliyobadilishwa jeni kuzuia ugonjwa wa Pierce. Sasa mi sielewi, ugonjwa unaonekana juu kwenye majani, shina la chini linasaidiaje? Na zabibu si zitakuwa na hizo jeni?

JIBU: Asante ndugu msomaji, swali zuri sana hili. Kwanza ujue huu ugonjwa unaua mzabibu kwa kiu. Bakteria wake, Xylella fastidiosa, analetwa na mdudu anayefyonza utomvu, akishaingia anakaa ndani ya ile mirija inayopandisha maji toka kwenye mizizi, anazaliana humo mpaka mirija inaziba, yaani maji yapo ardhini na mti unakauka. Utaona majani yanaungua kuanzia kingoni, halafu jani linadondoka ila kikonyo chake kinabaki kimeng'ang'ania tawi kama kijiti cha kiberiti. Ukishakiona hicho, moyo unauma kweli.

Sasa mirija hiyohiyo ndo njia ya dawa. Bakteria ili atoke mrija mmoja aende mwingine anatoa kimeng'enya kinachoyeyusha viwambo vya katikati, kwa hiyo watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakachukua jeni ya mti wa pea inayotengeneza protini ya kukizuia hicho kimeng'enya, wakaiweka kwenye mzabibu wa chini, juu wakaunganisha mzabibu wa kawaida. Protini ikapanda na maji, ikavuka maungio, ikafika juu.

Jeni yenyewe inabaki chini. Chavua na mbegu ni za mzabibu wa kawaida, na aina ya zabibu kama Chardonnay inabaki Chardonnay, hapo ndo mi naipendea hii njia. Ila protini inayosafiri inaweza kufika kwenye tunda, kwa hiyo usalama wake lazima upimwe, hilo lisirukwe.

Kuunganisha kwenyewe si kugeni, karne ya 19 filoksera, kidudu kinachoshambulia mizizi ya mzabibu, ilipomaliza mashamba ya Ufaransa yaliokolewa na mashina ya mizabibu ya Marekani. Na kuna wanaozalisha kwa kuchavusha tu, chuo hichohicho 2019 kilitoa aina 5 zinazostahimili Pierce, ila hizo ni aina mpya zenye majina mapya.

Usisahau, shina hili ni la kupandia shamba jipya. Mzabibu ulioshikwa tayari ung'oe mapema, kabla mdudu hajafyonza hapo akahamia wa jirani.