Jibu: Kuondoa chenga kwenye picha za harusi kunachelewesha kazi

Habari ndugu. Nimekuelewa: picha za ukumbini umepiga kwa ISO 6400 (usikivu mkubwa wa kamera kwa mwanga hafifu), zikatoka na chenga, yaani vidoadoa kama mchanga; ukizipitisha zote kwenye Denoise, zana ya kuondoa chenga iliyomo kwenye programu ya kuhariri picha ya Lightroom, kompyuta inaelemewa, na mteja anasubiri.

Anza kuangalia kadi ya grafiki, maana mzigo huo hubebwa zaidi na kadi hiyo (GPU). Hakikisha kwenye mipangilio kwamba programu inaitumia. Kama laptop yako ina GPU iliyomo ndani ya prosesa tu, picha moja inaweza kuchukua dakika kadhaa, na kuongeza RAM peke yake hakutakuokoa.

Ila hata ukiwa na mashine nzuri, usizipitishe zote! Mimi nachambua kwanza: waliofumba macho na zinazojirudia nje. Denoise naiachia za albamu na za kuchapishwa kubwa. Zinazokwenda WhatsApp, ukizipunguza ukubwa chenga nyingi zinafifia zenyewe, kwa sababu pikseli kadhaa zinaunganishwa kuwa moja. Hizo zisogezee kidogo kitelezi cha Luminance (kinachopunguza chenga kwa mkono), inatosha. Kidogo kweli, kwani ngozi ya bibi harusi ikilainishwa mno inakuwa kama ya sanamu, na wateja wangu hulalamikia hilo kuliko chenga.

Zilizobaki ziteue kwa pamoja, anzisha Denoise, nenda kalale. Ifanye kabla ya kufuta madoa na kuchora maski (kuteua sehemu ya picha ya kuhaririwa peke yake).

Hujataja kadi yako ni ipi. Iandike hapa, pamoja na megapikseli za kamera, tuone kama tatizo ni mashine au mpangilio.