Vidonge vya vitamini havifuti madhara ya sigara kwenye mbegu za kiume

Ndugu, umeeleza kwamba unavuta pakiti moja kwa siku, kwamba wewe na mkeo mnatafuta mtoto, na unauliza iwapo vidonge vya vitamini vitatosha bila kuacha sigara. Kwa maoni yangu, havitatosha.

Kila unapovuta moshi unaingiza mwilini kemikali zinazoshambulia seli, na vitamini C hutumika kwa wingi kuzizima. Ndiyo maana mvutaji hushauriwa kupata miligramu 35 zaidi kwa siku kuliko asiyevuta. Vitamini hiyo hukolea kwenye shahawa kuliko kwenye damu, kwa sababu mbegu ya kiume, yenye utando laini uliojaa mafuta na uwezo mdogo mno wa kujikarabati, huitegemea kama ngao. Ikipungua, mbegu huogelea kwa uvivu, na hata vinasaba ilivyobeba huweza kukatika. Tumbaku ina pia kadimiamu, metali yenye sumu inayoshindana na zinki, madini ambayo korodani huyahitaji katika kutengeneza mbegu.

Jihadhari hasa na vidonge vya beta-karotini, yaani kiini cha rangi kilichomo kwenye karoti na mboga ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A: utafiti uliofanyiwa wavutaji nchini Ufini, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba waliovimeza walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao. Matunda na mboga, kwa bahati nzuri, hayana lawama hiyo.

Mbegu huchukua takriban siku 74 kutengenezwa. Kwa hiyo, ukiacha leo, rudia kipimo cha shahawa baada ya miezi mitatu, si wiki ijayo, na wakati huo mkeo naye apimwe.