WordCamp Europe kwa mara ya kwanza: siku ya kuchangia ndiyo ya kujiandalia

Mkuu, umesema una tiketi ya WordCamp Europe, mkutano wa Ulaya wa jumuiya ya WordPress (programu ya kutengenezea tovuti), unaandika PHP, lugha ya kodi yake, mwaka wa tatu sasa, na unauliza uhudhurie mada zipi ili safari isiende bure. Anza na ile siku ambayo kwenye ratiba inaandikwa Contributor Day, yaani siku ya kuchangia kazi kwenye WordPress yenyewe. Mada nyingi hurekodiwa na kuwekwa WordPress.tv, utaziangalia ukirudi. Kukaa meza moja na watu wanaoitunza programu yenyewe hakurekodiwi. Mara nyingi siku hiyo ina usajili wake mbali na tiketi, kwa hiyo hakikisha jina lako limo.

Visa usiichezee. Kwa pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda, maombi ya visa ya Schengen (visa moja ya nchi nyingi za Ulaya) hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla, na miadi hujaa mapema, kwa hiyo hizo siku 15 zihesabu kama hazipo. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Beba adapta ya umeme pia: plagi yetu ya miguu mitatu bapa haiingii kwenye matundu ya duara ya huko.

Kinachokula asubuhi ya watu wengi ni kupakua vitu ukumbini, ambako mamia ya kompyuta zinagombea Wi-Fi moja. Maliza kazi hiyo nyumbani. Sakinisha Git, Node.js na Docker (inayoendesha seva ya majaribio kwenye kompyuta yako), kisha vuta wordpress-develop, yaani kodi ya WordPress yenyewe, kutoka GitHub. Ndani ya folda yake endesha `npm install`, `npm run build:dev`, `npm run env:start`, halafu `npm run env:install`. Fungua localhost:8889, uingie kwa jina admin na nywila password. Ukurasa ukigoma kufunguka, ama Docker haijawashwa, ama kuna programu nyingine imeshika namba ya mlango (port) 8889. Hapo badilisha LOCAL_PORT kwenye faili la `.env`. Kwenye Windows weka kodi ndani ya WSL2 (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows), si kwenye diski C, maana Docker ikisoma mafaili ya upande wa pili inakuwa nzito sana. Ikishindikana kabisa, WordPress Playground inaendesha WordPress nzima ndani ya brauza, na inatosha kupima marekebisho ya wenzako.

Fungua pia akaunti ya WordPress.org na ya Slack ya jumuiya (wanakoandikiana ujumbe) wiki moja kabla. Barua ya kuthibitisha ikiangukia kwenye spamu, uigundue ukiwa nyumbani.

Ukifika, chagua meza moja ukae hapo. Kuzunguka meza nne kunamaliza siku bila kitu mkononi. Meza ya Core, ya kodi kuu ya WordPress, ina tiketi za Trac (ripoti za kasoro kwenye mfumo wa kuzifuatilia) zenye alama good-first-bug, yaani za kuanzia, ila nzuri huwahiwa. Zenye needs-testing, yaani zinazohitaji kupimwa, watu huziruka, na ndizo zinazokwama kwa kukosa mpimaji. Ripoti inayosaidia hutaja toleo la WordPress, la PHP, brauza na themu, hatua ulizofuata, kilichotokea kabla ya kuweka marekebisho na baada ya kuyaweka. "Inafanya kazi kwangu" haimsaidii mtu.

Meza ninayokusihi uifikirie kwa moyo wote ni ya Polyglots, ya tafsiri. Kiswahili kina sehemu yake translate.wordpress.org, na developa anayekijua ana kazi pale ambayo wengine hawawezi kuifanya. Chukua tungo kama `%s updated.` Hiyo %s ni nafasi inayojazwa neno programu ikiendeshwa, na mtafsiri haoni itakuwa nini. Ukurasa umesasishwa, chapisho limesasishwa, kiungo kimesasishwa, plagini imesasishwa: Kiingereza kinatosheka na neno moja, sisi tunadaiwa upatanisho wa ngeli. Unaweza kukwepa kwa kuandika "Sasisho limekamilika: %s", na hiyo inakubalika. Ila dawa yenyewe iko kwenye kodi. Juu ya mstari huo liwepo dokezo `/* translators: %s: Plugin name. */`, nalo litaonekana kwa mtafsiri. Likae mara tu kabla ya mwito wa tafsiri. Ukichomeka mistari mingine katikati, zana inayokusanya tungo haitalichukua. Neno moja likiwa na kazi mbili, kama `Post` ambalo huku ni "chapisho" na kule ni "chapisha", kwenye kodi itumike `_x()`, mwito wa tafsiri wenye maelezo ya muktadha, badala ya `__()` ya kawaida. Kasoro za namna hii anaziona haraka anayetafsiri kwa lugha ya ngeli, na wewe una uwezo wa kuzirekebisha mwenyewe.

Ukitafsiri, usifute wala kubuni alama za %s. Mpangilio ukibidi ugeuke, zinapokuwa `%1$s` na `%2$s` unaruhusiwa kuzipishanisha. Tafsiri yako itabaki ikisubiri mpaka mhariri wa lugha aipitishe, kwa hiyo tuma tungo 20 ulizozisoma vizuri, si 200 za haraka zitakazomchosha.

Rekebisho la kodi ya Core likiwa tayari, weka kiungo cha tiketi ya Trac kwenye maelezo ya PR yako (pull request, ombi la GitHub la kuunganisha kodi yako). Usipokiweka, PR haitajitokeza kwenye tiketi na wahusika hawataiona. Kisha washa arifa: maoni ya mkaguzi mara nyingi huja ukiwa umesharudi nyumbani, na PR isiyojibiwa hukaa tu hapo mpaka kodi inayoizunguka ibadilike na isiweze tena kuunganishwa.