Re: Kwa nini parasetamo inachelewa nikishakunywa uji?
Mkuu siyo feki hiyo parasetamo yako. Kidonge lazima kwanza kilowe, kivunjike, kiyeyuke, halafu tumbo liisukume dawa kwenye utumbo mdogo maana huko ndo inanyonywa hasa, sasa ukishashindilia uji mzito maji yanakifikia kidonge polepole na tumbo lenyewe linachelewa kumwaga, ila dozi kwa kawaida inaingia karibu yote, imechelewa tu, so usiongeze vidonge vingine utaumiza ini bure. Kichwa kikigonga, imeze dawa kabla ya kula, na glasi nzima ya maji, siyo lile funda moja la kukimeza kikavu. Ila dawa ya mseto ya malaria (ALu) usiimeze tumbo tupu, ile inataka maziwa au chakula chenye mafuta kiasi.