Presha yangu imeshuka, lakini si kwa nidhamu peke yake

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia ujumbe mrefu baada ya kusikia kwamba presha yangu imetulia. Amenipongeza, kisha akaongeza kuwa mimi ni ushahidi kwamba Watanzania tunaugua kwa uzembe wetu, na kwamba anayekula chumvi bila kiasi asimlaumu mtu akipooza. Pongezi nimezipokea kwa moyo mkunjufu. Hayo mengine yamenikera, na nitayajibu kwa maisha yangu, kwa kuwa najua wengi mnaonisoma mnataka nilichokitaka mimi, yaani kufika uzeeni mkiwa na nguvu za kuhudumia nyumba zenu wenyewe.

Mimi ni mkazi wa Ujiji, mahali ambapo chumvi ya Uvinza haikosekani jikoni na mchuzi usio na mawese huonekana haujakamilika. Presha yangu iligundulika kwa bahati tu: nilimsindikiza dada yangu kliniki, nesi akanifunga kile kitambaa mkononi, mashine ikasoma 170 kwa 110, ilhali kuanzia 140 kwa 90 mtu huhesabiwa kuwa na tatizo. Kichwa hakikuwa kinauma, wala macho hayakuwa na ukungu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2024 watu wazima bilioni 1.4 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na ugonjwa huu, na karibu nusu yao hawajui.

Nilibadilika, na ninajivunia hilo. Mwisho wa chumvi unaoshauriwa kwa siku ni chini ya gramu 5, kiasi cha kijiko kidogo cha chai, kwa hiyo chombo cha chumvi nilikiondoa mezani, na dagaa waliotiwa chumvi nikawa ninawaloweka katika maji ya uvuguvugu na kumwaga yale maji kabla ya kupika. Kidonge ninameza kila siku baada ya swala ya alfajiri, halafu natembea kuelekea Mwanga kabla jua halijawa kali. Daftari langu la kliniki, ambalo kurasa zake za mwanzo zimejaa namba zilizozungushiwa wino mwekundu, sasa lina namba ninazowaonyesha watu bila kuulizwa.

Lakini dawa za kuiwezesha nidhamu hiyo nilizipata wapi? Mara nyingi nilipofika kwenye dirisha la dawa niliambiwa, "Hiyo imekwisha, kanunue nje." Mimi nilinunua, kwa sababu nina mshahara. Jirani yangu tuliyekuwa tunakaa naye kwenye benchi moja la kliniki alikuwa akiuza mawese kwa chupa, na mwezi ambao biashara ililala alirudi nyumbani mikono mitupu. Alifuata masharti yote niliyoyafuata, na mapishi ya dagaa ndiye aliyenifundisha. Alianguka upande mmoja ukafa, naye hakuchukua muda akafariki. Msibani nilimsikia mtu akisema kwamba marehemu alikuwa hasikii ushauri. Maneno hayo yananiuma mpaka leo, na ujumbe wa wiki hii umeyatonesha.

Ndugu zangu, acheni kuwahukumu wagonjwa. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilifanikiwa kwa sababu serikali ilileta vipindi vya redio, vitabu na viongozi wa vikundi, wananchi nao wakashika majembe wakachimba vyoo. Mwaka 2001, katika Azimio la Abuja, nchi za Afrika ziliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya, na ahadi hiyo ni deni ambalo mwananchi ana haki ya kulidai. Mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, nayo ni hatua kubwa, ingawa kadi ya bima mbele ya rafu tupu haimtibu mtu.

Kwa hiyo pimeni presha, hata kama hamuumwi, na mkishapima rudini mpimwe tena. Punguzeni chumvi. Msiache dawa kwa kuwa mnajisikia nafuu. Na mkishafanya hayo, nendeni kwenye mkutano wa mtaa au wa kijiji, kwa sababu tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za afya huingia moja kwa moja katika akaunti za zahanati na vituo vya afya, na kila kituo kinapaswa kuwa na kamati yenye wawakilishi wa wananchi inayosimamia mipango na matumizi. Waulizeni wajumbe wenu, kwa heshima lakini mbele ya watu wote, dawa za presha zilikosekana kwa miezi mingapi mwaka huu, ziliagizwa lini, na fedha zilizokuwepo zilinunua nini.