Moshi wa Asubuhi Kwenye Dizeli Kongwe: Tunajibu Wasomaji

SWALI: Pikapu yangu ina injini ya dizeli ya zamani, silinda nne. Kila asubuhi ikiwaka inatoa moshi mweupe mzito unaowasha macho, na injini inatetemeka kama dakika mbili. Ikishapata moto inatulia na haina shida mchana kutwa. Fundi anataka kufungua pampu. Nimruhusu?

JIBU: Mzuie kwanza. Pampu iliyochoka kwa kawaida husumbua hata mchana: gari linakosa nguvu mlimani, au linakuwa gumu kuwaka likiwa la moto. Moshi mweupe unaowasha macho ni dizeli iliyoingia kwenye silinda ikakosa joto la kuiwasha, ikatoka mbichi kama ukungu. Injini hii haina spaki. Dizeli inawashwa na joto la hewa iliyobanwa na pistoni, na chuma kikiwa baridi hulinyonya joto hilo. Plagi za joto, vijiti vya umeme vinavyopasha silinda, ziliwekwa kwa ajili ya hizo dakika za mwanzo tu, kwa hiyo anza nazo.

Fungua ile baa inayounganisha plagi zote nne na uiondoe kabisa. Wengi hupima baa ikiwa bado imefungwa, plagi moja nzima ikapitisha umeme, wakadhani zote ni nzima. Chukua balbu ya wati 21 yenye waya mbili: waya mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye kichwa cha plagi. Ikiwaka, waya wa ndani wa plagi haujakatika. Isipowaka, plagi imekufa. Ukitumia multimita, plagi nzima husoma takriban ohm 0.5 hadi 2. Gusanisha kwanza ncha za multimita zenyewe na uondoe namba utakayoiona, maana waya za mita ya bei nafuu zinaweza kusoma nusu ohm peke yake. Plagi mbili zikifa kati ya nne, hali inakuwa hiyo hiyo unayoieleza: silinda mbili zinawaka, mbili zinatema dizeli mpaka zipate joto kutoka kwa wenzao.

Plagi zikiwa nzima, rudisha baa, fungua swichi bila kupiga stata, kisha pima volti kwenye baa. Kwa mfumo wa volti 12 usikubali chini ya 11. Ukisoma 9, tazama fyuzi kubwa, relei ambayo ncha zake zimeungua, na waya wa ardhi wa injini. Taa ya dashibodi isikudanganye: kwenye magari mengi ya zamani inaendeshwa na saa ya kuhesabu muda au sensa ya joto la maji, nayo itazimika kwa wakati wake hata kama hakuna plagi hata moja inayopata moto.

Ukinunua mpya, soma volti iliyoandikwa kwenye plagi. Baadhi ya mifumo hutumia plagi za volti ndogo kuliko betri, na ukiziunga moja kwa moja zinaungua kwa sekunde chache. Ng'oa za zamani injini ikiwa na joto, baada ya kupulizia mafuta ya kulainisha kutu. Plagi ikikatikia ndani, silinda hedi itabidi ishuke. Wakati wa kufunga, zile za nyuzi za milimita 10 zinatosheka na nguvu ya kukaza ya Nm 12 hadi 18. Ya kale ikitoka ncha imeyeyuka au imevimba, iandike ilikuwa silinda namba ngapi, kwa sababu nozeli ya silinda hiyo huenda inadondosha dizeli badala ya kuipulizia.

SWALI: Nimebadilisha plagi zote na umeme unafika vizuri. Moshi mweupe umepungua lakini haujaisha, na injini bado inamisi asubuhi. Nifanye nini?

JIBU: Sasa tafuta silinda yenye kosa. Washa ikiwa baridi, iache ingurume bila kukanyaga mafuta, kisha legeza nusu mzunguko nati ya paipu ya nozeli ya kwanza, ukiwa umeifunika kwa kitambaa na umevaa miwani. Sauti ikibadilika, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Kaza, nenda ya pili. Utakapolegeza na sauti isibadilike, pengine moshi ukapungua, umeipata. Njia hii ni ya pampu za zamani za mekanika tu. Kwenye dizeli za kisasa za reli ya pamoja (common rail), shinikizo linapita bar 1,000 na dizeli inapenya ngozi; usiguse nati hata moja.

Hamisha nozeli hiyo kwenye silinda nyingine, ukiweka washa mpya za shaba na za kuzuia joto. Kosa likiifuata, nozeli ni mbovu, ipelekwe kwenye mashine ya kupimia. Kosa likibaki kwenye silinda ile ile, pima kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, kwa geji ya dizeli (ya petroli haifiki). Injini nyingi za aina hii zikiwa mpya husoma karibu bar 30, na chini ya 20 ni uchovu. Tofauti kati ya silinda isizidi bar 5. Kabla ya kukubali kwamba ringi zimekwisha, pima nafasi za valvu. Valvu na viti vyake vikilika, nafasi inazidi kubana, valvu haifungi sawasawa, kompresheni inashuka. Kurekebisha huko ni kazi ndogo sana ukilinganisha na kushusha hedi.

Silinda zote zikitoa moshi sawa, tatizo ni la pamoja: taimingi (wakati wa kupulizia dizeli) imechelewa, stata inazungusha polepole, au mfumo umeingiza upepo. Kwa stata, pima betri wakati wa kuzungusha. Ikishuka chini ya volti 9.5, shughulika nayo kwanza. Kwa upepo, weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu na utazame mapovu. Pampu nyingi za zamani pia zina kifaa cha nta kinachotanguliza taimingi injini ikiwa baridi, na mara nyingi ndicho kinachopandisha mngurumo asubuhi. Injini yako ikinguruma asubuhi chini kama inavyonguruma mchana, kikague. Na taimingi irekebishwe kwa geji. Anayezungusha pampu kwa kusikiliza sikio anaweza kuitanguliza kupita kiasi, moshi ukaisha na pistoni zikaanza kugonga.

SWALI: Langu linatoa moshi wa buluu kidogo, sekunde chache tu baada ya kuwaka, halafu basi. Nifanye ovaholi?

JIBU: Hapana. Oili imeshuka usiku kupitia sili za valvu na imeungua mara moja. Angalia oili isizidi alama ya juu, kisha panga kubadilisha sili. Ovaholi ifikiriwe moshi wa buluu ukiendelea unapokanyaga mafuta, na ukifungua kifuniko cha oili injini ikiwaka upepo unakisukuma kwa nguvu.

SWALI: Kuna mtu amenishauri nipulizie etha kwenye kichujio cha hewa ili liwake haraka. Ni salama?

JIBU: Kwa injini yenye plagi za joto, usijaribu. Etha inawaka mapema mno, pistoni ikiwa bado inapanda, na inaweza kuvunja ringi au kupinda koneki (fimbo ya pistoni). Isitoshe, inaficha ubovu uliopaswa kutafutwa.

SWALI: Nitajuaje kama moshi mweupe ni dizeli au ni maji?

JIBU: Shika karatasi nyeupe ngumu sentimita 30 kutoka kwenye ekzosi kwa nusu dakika. Maji hukauka na kuiacha safi. Dizeli huacha unyevu wenye harufu yake. Oili huacha madoa ya njano yenye mafuta. Mvuke wa kawaida wa asubuhi ya baridi hauna harufu na hupotea haraka. Ukisikia harufu tamu, maji ya rejeta yanapungua, na mpira wa juu wa rejeta umekakamaa muda mfupi baada ya kuwasha, shuku gasketi ya hedi. Hapo usipige stata tena kwa nguvu: toa plagi zote za joto kwanza, zungusha injini na utazame kama kuna tundu linalorusha maji, kwa sababu maji hayabanwi na fimbo ya pistoni itapinda.