MD UDOM au MUHAS? Confirm kabla dirisha halijafungwa

Hongera dogo, kupata MD (digrii ya udaktari) sehemu mbili sio mchezo. Ila we uko Area C kwenu hapo Dom halafu unauliza UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) au MUHAS (chuo cha afya cha Muhimbili, Dar), kwa upande wangu swali la kwanza ni hela sio jina. Digrii ni ileile, miaka 5 kisha intern mwaka 1, na mwisho wa siku wote mnasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, hakuna mgonjwa atakuuliza ulisoma wapi.

Muhimbili wagonjwa wa kila aina wanashushwa pale, hilo siwezi kubisha, utaona kesi mpaka uchoke. Lakini Dar boom (hela ya kujikimu ya mkopo) likichelewa ndo utajua, mi nilikaa wiki nzima nakula chapati mbili na chai ya rangi huku asubuhi nakimbilia wodini daladala imejaa mpaka mlangoni, koti jeupe nimelikunja kwenye mfuko wa rambo lisichafuke, na nyumbani siwezi kusema maana mama angeuza mbuzi. We hapo ukiishiwa unaenda kula ugali na mlenda kwa mama. Na mafunzo yapo, Hospitali ya Benjamin Mkapa iko hapohapo chuoni.

Kama mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo) umetoka vizuri nenda Dar, treni ya SGR ipo tangu 2024 utakuwa unarudi. Haujatoka, baki Dom. Ila confirm chuo kimoja kwa ile code ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) iliyokuja kwenye simu, usijisahau.